Kuvuna Mboga za Nyumbani Mwanzo wa Kiangazi Bila Kuua Tuta: Mwongozo Kamili

Mvua za vuli zikishakatika na jua la Desemba likianza kuchoma, naulizwa maswali yaleyale kila mwaka. "Mchicha ulitoka vizuri, nikavuna mara moja, tuta likabaki kipara." "Bamia zangu ngumu kama kuni." "Nyanya zinapasuka kabla sijala hata moja."

Nimekwenda kuangalia matuta ya watu Kigamboni, Mbagala na Bunju. Mara nyingi mbegu ilikuwa nzuri, samadi ilitosha na maji yalimwagwa bila kukosa. Kosa lilikuwa kwenye mkono wa mvunaji. Anavuna amechelewa, anavuna saa mbaya, au anachukua sehemu ambayo mche ulikuwa unaitegemea ili uendelee kuzaa.

Maelezo haya ni ya bustani ya nyumbani ya ukanda wa pwani, yaani Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Unguja na Mombasa, kwa mtu aliyepanda Oktoba au Novemba na sasa anataka kula kuanzia Desemba hadi masika yaingie. Ukiwa Lushoto, Arusha au sehemu nyingine ya baridi, namna ya kukata ni hiyohiyo, ila ongeza wiki moja au mbili kwenye siku ninazotaja.

## Vitu vya kuandaa

Viandae usiku, visikutume kurudi ndani mara tatu huku jua linapanda.

- Kisu kidogo chenye makali, au mkasi. Kisu butu huponda shina, na shina lililopondeka huingiza uozo.
- Spiriti kidogo na pamba ya kufutia kisu unapohama kutoka mche unaoumwa kwenda mzima.
- Tenga, kikapu au ungo. Mfuko wa nailoni haufai. Majani huendelea kupumua baada ya kukatwa, na ndani ya nailoni hujipika yenyewe.
- Kanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa.
- Mabeseni mawili na maji safi ya kutosha.
- Soksi ndefu kuukuu mbili zilizokatwa ncha. Zivae mikononi hadi kwenye viwiko unapovuna bamia, maana vinyweleo vyake huwasha kweli.
- Samadi iliyooza vizuri au mboji, nusu debe kwa tuta la mita 1 kwa 3.
- Daftari na kalamu. Bila tarehe ya kupanda utakuwa unakisia tu.

## Hatua ya 1: Kagua tuta jioni, siku moja kabla

Zunguka bustani saa 11 jioni, mikono mitupu. Unatafuta mambo matatu.

Dawa. Kama ulipuliza kiuatilifu cha dukani, soma kibandiko cha chupa. Kuna idadi ya siku ambazo lazima zipite kati ya kupuliza na kuvuna, na hutofautiana kutoka dawa hadi dawa. Kama siku hizo hazijatimia, usivune, hata kama majani yanakuita. Kuosha hakuondoi dawa iliyoingia ndani ya jani. Kama umetupa kibandiko na hukumbuki jina la dawa, mboga hiyo usimlishe mtoto.

Samadi. Samadi mbichi ya kuku au ng'ombe ina vimelea vya kuharisha. Kipimo kinachotumika kwenye kilimo hai ni siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mboga inayogusana na udongo, na siku 90 kwa ile isiyogusana nao. Mchicha haukai tutani siku 120, kwa hiyo kwa mboga za majani samadi mbichi haina nafasi kabisa. Tumia iliyooza hadi imekuwa kama udongo na haina tena harufu ya zizi.

Maua. Angalia ni mche upi umeanza kutoa maua. Kwenye mchicha na mnavu, ua ni ishara kwamba majani yanaanza kukomaa na kuwa machungu. Huo ndio mche wa kukatwa kesho kwanza. Kwenye bamia na matango mambo ni kinyume. Ua la leo ni tunda la siku chache zijazo, kwa hiyo kariri limekaa wapi.

Ukimaliza kukagua, mwagilia. Ndoo moja ya lita 10 inatosha mita mbili za mraba kwa siku moja ya joto la kawaida la pwani. Mwaga kwenye udongo, si juu ya majani, hasa kama kisima chako kina maji ya chumvi kama vingi vya karibu na bahari. Mche uliokunywa jioni huamka umejaa maji, na huo ndio unaotaka kuukata.

Kesho alfajiri majani yawe yamesimama na kikonyo cha jani kilie "ta!" ukikivunja. Kama kinapinda bila kuvunjika, mche una kiu bado. Ahirisha siku moja na umwagilie tena.

## Hatua ya 2: Vuna kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi

Sababu ni joto. Dar es Salaam mwezi wa Januari mchana hufika nyuzi joto 31 au 32, na jani lililokatwa saa 6 mchana linaingia jikoni likiwa limebeba joto hilo lote. Litanyauka kabla hujachambua, na jani lililonyauka limeshaanza kupoteza vitamini C.

Fuata mpangilio huu: majani kwanza, matunda baadaye, nyanya mwisho. Umande hauna shida kwa mchicha na matembele. Kwa nyanya subiri ukauke, kwa sababu magonjwa ya ukungu na bakteria husafiri na maji ukiwa unapapasa mche mmoja baada ya mwingine.

Anayetoka kazini jioni avune baada ya saa 11, jua likishalegea. Majani yatakuwa na maji pungufu kidogo, lakini ni bora mara nyingi kuliko mchana.

## Hatua ya 3: Mboga za majani

Hapa ndipo matuta mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tumezoea kuona mchicha sokoni ukiwa na mizizi yake, umefungwa fungu. Muuzaji anang'oa kwa sababu analitaka tuta: wiki tatu au nne baada ya kusia anavuna lote, anasia upya, anapata fedha tena. Hesabu yake ni sahihi kwa biashara yake. Wewe wa nyumbani huhitaji mafungu 60 siku moja. Unahitaji mboga ya leo, ya keshokutwa na ya wiki ijayo. Ukivuna kama muuzaji, utakula siku mbili na kusubiri mwezi.

Mche wa majani una sehemu inayokua, iwe ni ncha ya juu au vijicho vilivyolala kwapani mwa kila jani. Ukikata juu ya vijicho hivyo, vinaamka na kutoa matawi. Ukikata chini yake, umemaliza.

### Mchicha

Mavuno ya kwanza ni ya kupunguza. Wiki ya tatu au ya nne, ng'oa miche iliyosongamana ili inayobaki ikae umbali wa kiganja kimoja. Hii unaing'oa na mizizi, na ni mitamu kuliko yote.

Mavuno ya pili ni ya kukata. Mche ukifika urefu wa sentimita 25 hadi 30, kwa kawaida wiki ya tano au ya sita, kata shina kwa mshazari ukiacha sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Hakikisha yamebaki majani mawili au matatu kwenye kisiki. Mshazari husaidia maji kuteleza yasituame kwenye kidonda. Majani yaliyobaki ndiyo yanayolisha machipukizi, na ndiyo maana kisiki kitupu hufa.

Baada ya siku 7 hadi 10 utaona matawi mapya mawili, matatu au manne. Yakifika urefu wa kiganja, yakate tena ukiacha vijicho viwili kwenye kila tawi. Utaendelea hivyo kwa mwezi mmoja hadi miwili. Kila ukiona kishada cha maua, kivunje palepale hata kama si siku ya kuvuna.

Usikate tuta zima siku moja. Ligawe mafungu matatu kwa macho, ukate fungu moja kila baada ya siku tatu. Ukirudi kwenye fungu la kwanza, litakuwa limechipua.

### Matembele

Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, hakuwahi kutumia kisu kwenye matembele. Alivunja kwa vidole, na sababu yake ni nzuri. Pale ambapo shina linakubali kuvunjika lenyewe ndipo ulaini unapoishia. Ukilazimika kuvuta, umeshaingia kwenye kamba.

Anza wiki ya nne hadi ya sita baada ya kupanda mbegu za shina. Vunja ncha za urefu wa sentimita 10 hadi 15, na kwenye kila mche acha angalau ncha mbili bila kuguswa. Utomvu wake huweka madoa meusi kwenye vidole na nguo, kwa hiyo usivae gauni la kutokea.

Ukiwa unataka pia viazi chini, tenga matuta. Mche unaovunjwa majani kila wiki hauna chakula cha kupeleka kwenye kiazi. Mimi nina tuta moja la majani na jingine siligusi.

### Kunde

Majani huwa tayari wiki ya tatu au ya nne. Chuma yaliyofunguka kabisa lakini bado laini, yale ambayo rangi yake haijawa nzito. Acha ncha na majani matatu machanga ya juu, na usichukue zaidi ya theluthi ya majani ya mche mmoja kwa siku.

Maua yakitokea, amua. Unataka mboga au unataka kunde za kuchemsha na nazi? Ukiendelea kuchuma majani wakati wa maua, maganda yatakuwa machache na membamba. Kwa bustani ndogo nashauri mstari mmoja uwe wa majani na mwingine wa punje, umalize ubishi.

### Mnavu, spinachi na sukuma wiki

Mnavu unakatwa kama mchicha, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na hupenda kukatwa mara kwa mara. Onyo moja tu, lakini zito: vitunda vyake vya kijani vina sumu, visiingie kwenye sufuria. Chambua ukiwa na mwanga.

Spinachi na sukuma wiki havikatwi kichwa kamwe. Unachuma majani ya chini na ya nje, ukiyavuta kwenda chini na pembeni ili kikonyo kitoke chote kwenye shina. Kikonyo kikibaki nusu, huoza na kuita wadudu. Acha majani matano au sita ya juu. Kusema kweli, sukuma wiki inateseka na kiangazi cha pwani. Itafanya vizuri zaidi miezi ya Juni hadi Agosti. Kama umeshaipanda, ifunike kwa kivuli chepesi cha makuti saa za mchana na uchume majani yakiwa madogo.

### Majani ya maboga

Chukua ncha yenye majani matatu machanga, kisha menya nyuzi kuanzia kwenye kikonyo. Usikate ncha ya kila mtambaa. Acha angalau nusu ziende mbele. Maua pia ni mboga, ila chagua ya kiume: yana kikonyo kirefu chembamba, hayana kiboga kidogo chini yake. Acha mawili au matatu kwa ajili ya uchavushaji.

Mkono wako ukiwa sahihi, siku tatu baada ya kuvuna utaona nundu ndogo za kijani kwapani mwa majani yaliyobaki. Usipoziona hadi siku ya saba, ulikata chini mno au tuta lina njaa.

## Hatua ya 4: Bamia, nyanya chungu, biringanya na matango

Mboga hizi zote huvunwa zikiwa changa, kabla mbegu za ndani hazijakomaa. Mche unazaa ili upate mbegu. Ukishakomaza tunda moja, unaona kazi imeisha, na unapunguza maua. Tango moja la njano lililojificha chini ya majani linaweza kusimamisha mtambaa mzima.

Bamia. Ua likifunguka leo, tunda liko tayari kati ya siku ya nne na ya saba. Kwenye joto la Januari hesabu nne au tano. Urefu mzuri ni sentimita 7 hadi 10. Pinda ncha kwa kidole gumba: ikivunjika kwa mlio, vuna. Ikipinda kama mpira, umechelewa. Kata kikonyo kwa kisu, usivute, maana gome la shina hunyofoka. Rudi kila siku ya pili bila kukosa. Ukisafiri siku tano, ukirudi kata zote ngumu uzitupe kwenye mboji, la sivyo mche utaacha kuzaa.

Nyanya chungu. Vuna zikiwa na rangi yao ya ujana, nyeupe, ya maziwa au ya kijani kutegemea mbegu, na ngozi inang'aa. Zikianza kuwa za machungwa au nyekundu, uchungu umezidi na mbegu zimekuwa ngumu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Biringanya. Usitazame ukubwa. Tazama mng'ao. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi ikirudi, liko tayari. Alama ikibaki na ngozi imefifia, mbegu zimeshakuwa za kahawia na nyama ni chungu. Kata na kikonyo chake, sentimita mbili hivi. Kuna miiba midogo kwenye kofia.

Matango. Kuanzia siku ya 50 hivi baada ya kupanda mbegu, inua majani na upekue chini kila siku ya pili. Vuna yakiwa ya kijani kote. Uchungu kwenye tango husababishwa sana na kiu na joto, kwa hiyo tiba yake ni maji ya kila siku na matandazo ya nyasi kavu.

## Hatua ya 5: Nyanya

Watu wengi husubiri nyanya iwe nyekundu kabisa mtini. Kwenye bustani ya pwani wakati wa kiangazi, kusubiri huko ndiko kunakopoteza nusu ya mavuno kwa kunguru, kwa nyufa na kwa viwavi.

Vuna pale kitako cha nyanya kinapoanza kugeuka, kikiwa na doa la waridi au la njano lenye ukubwa wa sarafu. Kuanzia hapo tunda limeshajitosheleza na litaiva ndani ya nyumba bila kupoteza ladha ya maana. Tena joto likizidi nyuzi 30, rangi nyekundu haijengeki vizuri, na ndiyo maana nyanya nyingi za Januari hubaki za machungwa zikiachwa juani.

1. Shika tunda kwa kiganja, si kwa ncha za vidole.
2. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye kifundo kilicho juu kidogo ya kofia, kisha inua. Litakatika hapo.
3. Lipange kwenye ungo, safu moja tu, upande wa kikonyo ukiwa chini.
4. Weka mahali penye kivuli na hewa. Dirishani penye jua hapafai.
5. Ukizitaka mapema, ziweke kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu moja. Gesi inayotoka kwenye ndizi huharakisha kuiva.

Nyanya ya kijani kabisa, ngumu na ndogo, haitaiva hata ukiiombea dua. Iache mtini.

Sasa matatizo matatu ninayoletewa zaidi.

*Kupasuka* hutokana na maji ya kushtukiza. Udongo ulikauka siku tatu, kisha ukamwaga ndoo tano, na tunda likavimba ghafla kuliko ngozi yake. Mwagilia kidogo kila siku, na mvua ya ghafla ikinukia, vuna haraka zote zilizogeuka rangi.

*Kitako cheusi kilichozama* si ukungu. Tunda limekosa kalisi (madini ya kalsiamu), mara nyingi kwa sababu maji hayaji kwa mpangilio na mizizi haiwezi kuibeba. Ondoa matunda hayo na urekebishe umwagiliaji. Matunda yanayofuata hutoka mazima.

*Vitundu vidogo* kwenye tunda na michirizi iliyokauka kwenye majani, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo anayetoboa nyanya. Usitupe matunda hayo chini wala kwenye mboji. Yafunge ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uuache juani siku kadhaa, joto liwaue.

Na tafadhali usipukutishe majani "ili nyanya zipate jua". Tunda haliivi kwa kuangaziwa jua moja kwa moja. Likiachwa wazi linaungua, linatoka baka jeupe upande mmoja, na baka hilo halipiki. Ondoa tu majani ya chini yanayogusa udongo.

## Hatua ya 6: Toa joto, kisha osha

Tenga likijaa, lifunike kwa kanga yenye unyevu na liweke kivulini. Usilirundike juu ya saruji yenye joto.

Mboga za kupika leo: ondoa udongo kwenye beseni la kwanza, badilisha maji, kisha loweka kwenye beseni la pili lenye kijiko kimoja cha chumvi kwa kila lita, dakika 10. Vidukari na viwavi vidogo huachia na kuelea. Suuza kwa maji safi. Osha kwanza, katakata baadaye. Ukikatakata ndipo uoshe, vitamini zinakwenda na maji ya beseni.

Mboga za kesho usizioshe. Maji juu ya jani lililohifadhiwa huleta utelezi na harufu. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo na uziweke kwenye friji, sehemu ya chini. Zitakaa siku tatu hadi tano. Kama huna friji, simamisha mashina kwenye bakuli la maji kama maua, mahali penye giza na hewa, na upike ndani ya siku moja.

Nyanya, bamia, matango na biringanya havipendi baridi kali. Chini ya nyuzi joto 10 hivi vinapata majeraha ya baridi: bamia huota madoa meusi, tango hulainika, nyanya hupoteza ladha. Viache kwenye ungo jikoni, na kama lazima viingie friji, viwekwe mlangoni kwa siku mbili tatu tu.

Naulizwa sana kuhusu kile chombo cha vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wa maji katikati. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikieneza kaskazini mwa nchi yake na kupata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kinafanya kazi kwa sababu maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Lakini kinahitaji hewa kavu. Dodoma na Singida kitakufaa sana. Dar es Salaam na Tanga mwezi wa Januari hewa imeshajaa unyevu, maji hayaondoki haraka, na utapata nafuu ndogo tu. Usitumie fedha yako kabla ya kufikiria unaishi wapi.

## Hatua ya 7: Lishe tuta siku hiyohiyo

Kila tenga la majani limeondoka na naitrojeni ya udongo wako. Tuta lisiporudishiwa, mavuno ya tatu yatakuwa majani madogo ya njano, na utailaumu mbegu bure.

Jioni ya siku ya kuvuna, palilia kidogo kwa vidole kuzunguka visiki, nyunyiza viganja viwili vya samadi iliyooza au mboji kwa kila nusu mita ya mstari, changanya na udongo wa juu, funika kwa nyasi kavu, mwagilia. Mtu anayetumia urea ayeyushe vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwenye ndoo ya lita 10 na kumwaga chini, si juu ya majani, kisha asubiri wiki moja kabla ya kukata tena. Ukizidisha urea unapata majani laini ya kupendeza ambayo vidukari huyashambulia kwanza.

Andika daftarini: tarehe, mboga, mafungu mangapi, umeacha urefu gani. Baada ya mwezi mmoja utajua tuta lako linapumzika siku ngapi, na hiyo ni hesabu ambayo mimi siwezi kukupa, kwa sababu udongo wa Bunju na mchanga wa Kigamboni si kitu kimoja.

## Hatua ya 8: Ziada

Katikati ya Januari bustani ikienda vizuri itazidi walaji. Fungu moja mpelekee jirani kabla halijanyauka.

Majani ya kunde yanakaushika vizuri. Yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yachuje, yatandaze juu ya ungo kivulini penye upepo, na uyafunike kwa chandarua. Juani yanapoteza rangi na vitamini. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo itachukua siku zaidi kuliko Dodoma, ambako wanakausha mlenda kwa urahisi. Yawe yanavunjika kama karatasi kavu ndipo uyatie kwenye chupa. Baada ya siku tatu tazama ndani ya kioo: ukiona ukungu wa maji, yatoe yote uyakaushe tena, la sivyo yataota uvundo.

Bamia zikate vipande vyembamba, zikauke juani, kisha zisage. Nyanya zilizopasuka lakini hazijaoza zichemshe leo hii na chumvi kidogo na uzigandishe. Zikilala hadi kesho, tumekwisha.

## Mche wa kuacha

Kabla mavuno hayajafika mwisho, chagua mche mmoja wa kila mboga uuache ukomae kwa ajili ya mbegu. Wa majani usiwe ule uliotoa maua wa kwanza. Ufunge kitambaa chekundu, chagua uliochelewa kutoa maua, wenye majani mapana na usiougua, kwa sababu mbegu yake itakupa miche inayokaa muda mrefu bila maua. Kwenye bamia acha maganda mawili ya katikati ya shina yakauke hadi yalie ukitikisa. Kama mbegu uliyonunua ilikuwa chotara, pakiti itasema hivyo, na hiyo usiitunze, nunua upya.

Mchicha wa kitambaa chekundu ukishakauka kichwa, kikate asubuhi, kisugue juu ya ungo, pepeta, tia kwenye chupa kavu na uandike mwezi. Masika yakikaribia, mwezi wa Machi, utakuwa na cha kusia.